Jina Halikumkataa

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu Butiama. Asubuhi ya siku ya pili ya matanga, chai ikigawiwa, Shangazi Nyangeta aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka wake akaita, "Wambura." Hakugeuka mtu. Uani kulikuwa na watu kila pembe, wengine wamekaa juu ya matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, na kwa ninavyojua hapakuwa na Wambura hata mmoja kati yao. Akaita tena, na safari hii niliona anamtazama nani. Alikuwa anamtazama mwanangu, aliyesimama karibu na jaba la maji akipanga vikombe vya chai, mipini yote ikielekea upande mmoja. Mwanangu ana miaka kumi na saba na amempita baba yake kwa urefu. Shangazi akamgeukia mama aliyekaa naye, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Unaona? Mpaka leo hasikii. Ni lile jina la kwa mama yake." Nilikuwa nimebeba sinia la mihogo ya kuchemsha. Nililiweka chini polepole, maana nilijijua. Jinsi nilivyoondoka Majita na begi moja na kurudi na stashahada nimeshaieleza kwingine, na ukoo wangu na wa mume wangu sina haja ya kuuchambua hapa. Hapa naandika mwaka mmoja tu, mwaka ambao Shangazi huyo wa kwenye mkeka alitaka kumbadilisha mwanangu jina, na mimi nikakataa mbele ya watu wake wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane, na sikuwa mtu wa kuonewa huruma. Stashahada yangu ya famasi niliisoma Dar es Salaam kwa kuuza vitumbua asubuhi na kushika zamu ya usiku kwenye duka la dawa la mtu. Niliporudi Musoma nilifungua duka langu mwenyewe Nyakato, na nyumba ya Bweri nilianza kuijenga kabla Elias, mume wangu, hajatuma mshenga. Bati lake la kijani ulikuwa unaliona tangu barabarani. Sebuleni niliitundika stashahada kwenye fremu juu ya televisheni, mahali ambapo wenzangu hutundika picha ya harusi, na mgeni ambaye hakuiona nilimkalisha kiti kinachotazamana nayo. Chini ya fremu hiyo ndipo mwanangu Magesa alipenda kukaa. Alikuwa amevuka miaka miwili. Alizungusha mfuniko wa ndoo sakafuni, shavu limelala kwenye saruji ili aone vizuri ukingo unavyozunguka, na mimi nilimwita kutoka jikoni, Magesa, Magesa, Magesa, kama ninayeita ndani ya kisima. Kiziwi hakuwa. Ukichana pakiti ya biskuti chumba cha mwisho, alifika. Lakini jina lake lilimpita kama basi lisilosimama kituo chake. Neno hakuwa nalo hata moja. Akitaka maji alikuja kushika mkono wangu, mkono peke yake, bila kunitazama, akaupeleka kwenye chupa kama mtu anayechukua kijiko kabatini. Nilikuwa najiambia ni akili hiyo, anajua kutumia vifaa. Nilijiambia hivyo kwa muda, halafu nikaacha, kwa sababu mimi si mtu wa kujidanganya muda mrefu.

Ukiwa na duka la dawa, watu hukaa kwenye benchi wakisubiri na kusahau kwamba upo nyuma ya rafu. Ndivyo nilivyosikia habari za nyumba yangu. "Dawa zote hizi," alisema mmoja, "na mtoto wake hajawahi hata kumuita mama." Mwenzake akamjibu kwamba mimi nilikuwaga nasoma sana nikiwa na mimba, labda nilimsomea mtoto tumboni mpaka maneno yakaisha. Walicheka. Hata mimi nyuma ya rafu nilitabasamu, maana utani ulikuwa mzuri. Wa tatu ndiye aliyenitoa huko. Alisema mtoto ana udata, ule uzi wa chini ya ulimi umemfunga, na kwamba anamjua mtu anayeukata kwa wembe dakika moja tu na mtoto anaanza kusema njiani kurudi nyumbani. Nilijitokeza. Nikamwambia ulimi wa mwanangu nimeshauinua kwa kijiko na kuuangalia kwa tochi, hauna udata, na wembe ninaouza pale dukani ni wa kunyolea. Alinunua panadoli zake akaenda.

Kliniki waliniambia nisubiri. Nesi alikuwa mtu mwema na hakuwa na haraka. Alisema watoto wa kiume huchelewa, hata wa kwake alianza kusema akiwa na miaka mitatu na nusu, na leo mtu akitaka anyamaze lazima amlipe. Nikamuuliza, huyo wako kabla hajasema, ulipomwita aligeuka? Akasema ndiyo, alikuwa anageuka. Nikamwambia wa kwangu hageuki, basi hao ni watoto wawili tofauti. Juma lililofuata nilifunga duka, nikamchukua Elias na mtoto, tukaenda Mwanza kwenye hospitali kubwa. Walimpima masikio yakaonekana mazima. Daktari aliketi naye sakafuni muda mrefu, akamtazama anavyocheza na anavyokataa kutazamwa, kisha akatutajia neno usonji. Alilisema bila kushusha sauti, na kwa hilo nilimheshimu. Hakutuandikia dawa. Mimi ninauza dawa, na daktari anayejua lini asiandike namthamini sana. Alituambia si ugonjwa wa kuponyeshwa kwa kidonge, ndivyo mtoto alivyo, na kazi yetu ni kumfundisha njia ya kufika kwetu na sisi kujifunza njia ya kufika kwake, tena tuanze sasa hivi akiwa mdogo, tusingoje ajisemee mwenyewe. Akatuelekeza kwa mwalimu mstaafu wa elimu maalumu aliyekuwa akipokea watoto nyumbani kwake Bunda. Tulipofika nyumbani Elias aliuliza kama lile neno ni lazima tuwaambie watu. Nikamwambia mimi nitalisema dukani, kwa sauti.

Kwa hiyo kila Alhamisi ikawa Bunda. Mwalimu Veronika alikaa karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ulipofika manyoya ya pamba yalinasa kwenye wavu wa madirisha yake mpaka sebule ikawa na mwanga kama wa asubuhi yenye ukungu. Samani zote alizisukumia ukutani. Alikaa chini, mwili wake mkubwa umejaa kwenye jamvi, na wazazi tulikaa chini pia, hata kama ulikuja na kitenge kipya. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: jina la huyu mtoto mnalitumia kufanyia nini? Nikamjibu kwamba tunamwitia. Akatuomba tumwache acheze, tumwangalie, tufanye kama nyumbani. Haikupita muda nikajisikia nikisema Magesa acha, Magesa toka huko, Magesa usiguse. Mwalimu hakucheka. Alisema kuanzia leo mkitaka kumkataza, mkatazeni bila jina. Jina mliite mara moja, karibu yake, mkiwa na kitu anachokipenda, kisha mnyamaze mngoje. Akitazama hata kwa kutupa jicho, kitu ni chake. Nikamuuliza atasema lini. Akanijibu, "Mama Magesa, mimi siuzi tarehe." Nilimpenda kuanzia hapo. Mimi mwenyewe nina mdomo, nautambua mdomo mwingine nikikutana nao.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Jaribu siku moja kumwita mtu jina, ukae kimya na kipande cha matobolwa mkononi, viazi vile vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ukimtazama mtoto unayempenda akizungusha mfuniko kana kwamba wewe ni ukuta. Nilijifunza kungoja sebuleni Bunda, nikajifunza tena jikoni Bweri, na asubuhi kabla ya kufungua duka. Baada ya muda alianza kumtazama Mwalimu usoni, kidogo, kama anayechungulia dirishani. Ndipo Butiama wakatuita.

Nieleze jambo moja ili msomaji asipotee. Kwetu Mara mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Akilia mfululizo, au akikataa ziwa, au akidhoofu, wazee husema jina limemkataa. Basi hukaa na kuwataja marehemu mmoja baada ya mwingine, na lile jina ambalo mtoto atalitulia au kuligeukia ndilo lake. Mwanangu nilimpa Magesa, jina la marehemu baba yangu, mvuvi wa Majita. Elias aliridhia, lakini kwao Butiama waliona nimejikatia kipande cha nyama kabla ya wenye ng'ombe. Jioni tuliyofika mama mkwe alipika ugali wa mtama na muhogo, kuku na dagaa. Kwa Magesa, bila kuuliza mtu, alitenga sahani pembeni: ugali mkavu usioguswa na mchuzi, na dagaa wa kukaanga walioondolewa vichwa. Alikuwa amemwona mara moja tu akila. Tulipokuwa mezani Elias alijikaza akawaambia daktari amesema ni usonji. Shangazi Nyangeta, dada wa baba mkwe wangu na msemaji wa nyumba ile tangu baba mkwe afariki, alimeza tonge kwanza. Kisha akauliza, "Huyo Usonji ni wa ukoo gani?" Meza nzima ilicheka. Elias naye alicheka, na hilo nilimwekea kumbukumbu.

Mimi na mtoto tuliingia kulala chumba cha wageni, lakini Elias alibaki sebuleni na ukuta wa nyumba ile haukufika dari. Nilimsikia Shangazi vizuri. "Baba, mtoto anaitwaga, haitiki. Hilo nalo ni la hospitali? Mtu asiyeitika si yeye unayemuita. Mnamuitaga mtu mwingine." Lazima nikiri kwamba hoja ilikuwa na miguu. Laiti angekuwa wakili. Akaendelea kusema jina la upande wa mama limemkataa, kwamba kesho wataita majina, na likipatikana mtoto atabaki pale Butiama mpaka mtama uvunwe, ili jina limkae, asisafirishwe safirishwe kila Alhamisi kwenda kukalishwa chini na mwalimu wa Bunda. Mpaka mtama uvunwe. Nilijua maana yake: miezi mizima bila Bunda. Daktari alisema tusingoje, na mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutuchungulia dirishani. Nikamngoja Elias akatae. Nikamsikia anasema, "Sawa, Shangazi."

Asubuhi walikaa uani kwenye duara, Magesa katikati juu ya ngozi ya ng'ombe, na mkononi kisahani cha bati ambacho alikizungusha bila kumjali mtu. Shangazi alikuwa na kibuyu cha maji yaliyotiwa unga wa mtama. Aliwataja wafu wa nyumba ile mmoja mmoja, akimnyunyizia mtoto miguuni kila baada ya jina, na kila jina lilianguka chini mtoto asilisikie. Nilisimama mlangoni. Sikuwadharau, nataka hilo lieleweke. Baba yangu mwenyewe ndivyo alivyopata jina lake. Kisha Shangazi akaita, "Wambura," na papo hapo jikoni kikasikika kishindo cha chuma juu ya jiwe, na Magesa akageuza kichwa. Vigelegele vilipasuka. Mzee mmoja alikuwa ameshasimama kumpa Elias mkono.

Nikaingia katikati ya duara. Niliomba niite mimi. Shangazi akasema jina limeshapatikana. "Basi nikiliita ataitika," nikamwambia. Nikapiga magoti kwenye ngozi, karibu naye, nikaita Wambura mara moja, nikangoja kama nilivyofundishwa Bunda. Kisahani kikazunguka. Nikaita tena nikangoja. Mzee aliyekuwa amesimama akaniambia huwezi kupima wafu kama unavyopima dawa ya kikohozi. Nikamjibu, "Siwapimi wao, baba. Namwangalia mwanangu." Hapo Shangazi akainama mbele, macho yanang'aa, akasema kwa upole kabisa, "Haya, mkwe wetu msomi. Muite huyo Magesa wako tuone."

Nilimwita. Niliita mara moja, vizuri, kwa sauti ya Bunda, na nikangoja mbele ya ukoo mzima wa mume wangu. Mwanangu hakugeuka. Kicheko kilianza upande wa wanawake kikazunguka duara. Mpaka leo nikilala vibaya nakisikia. Lakini sikuinuka haraka kama mtu aliyekamatwa. Nilimbeba mtoto na kisahani chake, nikasimama, nikawaambia, "Hajaliitika bado. Lakini ni lake." Shangazi akasema nikitoka naye nisimrudishe pale mpaka awe na jina la pale. Nikasema nimesikia. Elias alitazama chini. Nikapita katikati yao, na kitenge changu bado kina unga wa mtama mpaka magotini.

Mama mkwe alinikuta njiani, nje ya ua wa minyaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na alikuja anahema. Alinipa matobolwa kwenye mfuko, na mfuniko wa sufuria. "Mwanangu," akaniambia, "huu uliniponyoka mimi kule jikoni. Alisikia mfuniko." Akaangalia nyuma. Akasema hawezi kwenda kuwaambia, maana ana miaka mingi ya kukaa na watu wale, lakini yeye atamwita Magesa. Akampa mtoto mfuniko, mtoto akaupokea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Tangu siku hiyo sufuria lake la ugali alilifunika kwa sinia. Wakimuuliza, alisema mfuniko ulipotea.

Elias alitukuta stendi na pikipiki. Akatupakia mpaka Bweri. Ndani, chini ya stashahada yangu, aliniambia nimemvunjia heshima mbele ya watu wake. Nikamwambia heshima yake itapona, lakini umri huu wa mtoto haurudi. Nikamwambia pia kwamba kama ataona haya kukaa chini Bunda, abaki nyumbani, mimi nitakwenda. Alhamisi nilipotoka na mtoto, pikipiki ilikuwa imeshawashwa.

Sitasema ikawa rahisi. Magesa alipiga kichwa ukutani mwezi mzima wa mvua, na kuna siku Mwalimu Veronika mwenyewe alifunga somo mapema, tukanywa chai tu. Lakini katika nyumba yangu hakuna aliyetumia jina lile kumkatazia. Mgeni aliyesahau nilimsahihisha, hata mchungaji. Elias akawa hodari kuliko mimi, na hilo naliandika kwa shida. Jumamosi moja, mwaka ukikaribia kwisha, alikuwa amekaa ngazi ya mlango wa nyuma na kipande cha tobolwa kwenye kiganja. Nilikuwa naosha vyombo. Akasema, "Magesa," taratibu, kama anayesoma. Mfuniko wa bibi yake ulikuwa unazunguka. Ukaanguka. Mtoto akainua kichwa akamtazama baba yake machoni, na Elias akasahau kumpa kiazi. Kwa hiyo niliyempigania jina ni mimi, na aliyeitikiwa kwanza ni yeye. Nimeshamsamehe. Kabla ya Krismasi maneno ya kwanza yalikuja, siyo mama, siyo maji. Aliinama mbele ya kioo cha kabati, akajigonga kifua, akasema yale niliyokuwa nikimwambia kila asubuhi nikimvalisha shati, kama nilivyoyasema na kwa sauti yangu: "Wewe ni Magesa."

Tulimpeleka Butiama sikukuu hiyo. Elias ndiye aliyesema twende, na ndiye aliyetangulia kuingia uani. Shangazi alimwangalia mtoto akigeuka alipoitwa na bibi yake, akatikisa kichwa ameridhika, akatangaza kwamba tangu wamwite Wambura siku ile mambo yamefunguka. Miaka yote hii amemwita hivyo. Nimebishana naye kwenye harusi, kwenye kipaimara na hospitalini, na hajawahi kunipa hata inchi, kitu ambacho kwa siri nakiheshimu.

Ndiyo maana mwezi uliopita niliweka sinia la mihogo chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Magesa alikuwa amemaliza kupanga vikombe. Aliusogeza mpini wa mwisho ukakaa sawa na wenzake, akageuka, akatazama juu kidogo ya kichwa cha Shangazi kama anavyotazama watu wote, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kile cha mtu aliyejifunza kila neno kwa jasho: "Wambura hayupo. Mimi ni Magesa."

Shangazi alimtazama. Amezeeka sasa, kope zake zimeshuka, lakini ni yule yule aliyewahi kuita wafu kwa majina. Mimi nilifunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

"Haya, Magesa," akasema. "Niletee maji."

Magesa akageukia jaba, akachagua kikombe, akakijaza, akampelekea huku mpini ukiwa umeelekea kwake. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili.